Aleji inapoanza ukubwani: mwongozo kamili kwa wakazi wa Arusha na Moshi

Mtu amefika miaka 45 hajui aleji ni nini. Amelima, amefuga, amekula vumbi la Kisongo na baridi ya Ngaramtoni, na pua yake haijawahi kumsumbua zaidi ya mafua ya kawaida. Halafu mwaka mmoja, masika ikiwa inaishia, anaanza kupiga chafya mfululizo kila akiamka. Macho yanamwasha mpaka anayasugua kwa ngumi. Makamasi ni maji matupu, na usiku pua inaziba upande mmoja, akigeuka inahamia upande wa pili. Wanamwambia ni hali ya hewa. Ananunua dawa ya mafua, anapata nafuu siku mbili, yanarudi. Ananunua antibayotiki, hazifanyi kitu. Mwaka unaofuata, majira yaleyale, yanaanza upya.

Mara nyingi hiyo ni aleji ya pua, ambayo daktari ataiandika kwenye kadi kuwa ni mafua ya mzio. Ni kweli wengi huanza nayo utotoni au ujanani, lakini haina umri wa mwisho wa kuanza. Kuna watu wanaipata wakiwa na wajukuu. Nimeuandika mwongozo huu kwa sababu naumia nikiona mtu mzima akikosa usingizi miezi mitatu kila mwaka kwa ugonjwa ambao unadhibitika vizuri, tena kwa dawa ambazo nyingi zipo mjini. Kinachokosekana ni mpangilio: kujua kwanza ni nini, kujua kinachokuwasha wewe, halafu kutumia dawa inavyotakiwa.

Kwa nini ianze sasa

Mwili hauzaliwi na aleji ya nyasi, unaipata kwa kukutana nazo. Nyasi zikitoa maua hupeperusha chavua, ule unga laini unaobebwa na upepo. Kwa baadhi ya watu kinga ya mwili inaiona chavua hiyo kama adui na kutengeneza kingamwili za aina ya IgE. Kingamwili hizo hukaa juu ya seli maalumu zilizo kwenye utando wa pua na macho. Chavua ileile ikirudi, seli hizo humwaga kemikali ndani ya dakika chache, mojawapo ikiwa histamini. Hapo ndipo kuwashwa, chafya, maji na kuziba vinapoanza.

Kile kipindi cha kwanza, mwili unapojiandaa, hakina dalili yoyote. Kinaweza kuchukua msimu mmoja au miaka mingi. Kwa hiyo swali la "mbona majani haya nayakata tangu utoto?" lina jibu: kuyazoea hakukulindi, na kwa mwingine ule ukaribu wa miaka ndio uliomfikisha hapo. Mwaka 1873 daktari wa Manchester, Charles Blackley, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa chavua na kuonyesha kwamba ndiyo inayoleta mafua haya ya msimu. Kabla ya hapo lawama ziliangukia joto, jua na harufu, kama sisi tunavyolaumu baridi.

Kwa watu wazima, mara nyingi kuna kitu kilichobadilika. Mtu amehamishiwa Arusha kutoka Dar es Salaam au Mtwara, akakutana na mimea ambayo hajaishi nayo. Au amebadilisha kazi. Vumbi la kahawa mbichi isiyokaangwa linajulikana kuleta aleji kwa wanaofanya kazi ya kukoboa na kupanga madaraja. Vumbi la mninga linawasumbua maseremala. Wanaofanya kazi kwenye mashamba ya maua ndani ya mabanda ya plastiki nao wamo. Wengine walikuwa na pumu au ukurutu utotoni, ukalala, sasa umeamkia puani. Na kuna ambao hatupati sababu kabisa. Usijilaumu kwa kuitafuta mno.

Hatua ya kwanza: hakikisha kweli ni aleji

Hapa pasirukwe, hasa kwa mtu aliyevuka miaka 50, kwa sababu si kila pua inayotoa maji ni aleji.

Mafua ya virusi huja na mwili kuuma, pengine homa, makamasi huwa mazito baada ya siku chache, na kwa kawaida yote huisha ndani ya wiki moja hadi siku kumi. Aleji haina homa. Inawasha: pua, macho, paa la kinywa, hata ndani ya masikio. Inadumu wiki kwa wiki, na inapanda na kushuka kulingana na mahali ulipo. Ukienda mjini kwa wiki moja ukapona, ukirudi nyumbani ikaanza, hilo ni jibu kubwa.

Kisha angalia dawa unazotumia. Dawa za presha kama enalaprili, lisinoprili na kaptoprili zinaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha. Baadhi ya dawa nyingine za presha na za tezi dume huziba pua. Usiache dawa ya presha kwa kujiamulia. Nenda kliniki ueleze, watakubadilishia.

Kuna na matone ya kuzibua pua, yale yenye zailometazolini au oksimetazolini. Yanafungua pua ndani ya dakika, ndiyo maana watu wanayapenda. Ukiyatumia zaidi ya siku tano, pua huanza kuziba kwa sababu ya matone yenyewe, unaongeza, inaziba zaidi. Nimekutana na watu wanaotembea na kichupa mfukoni mwaka mzima wakidhani wana aleji kali. Wakiyaacha, wiki ya kwanza ni ngumu sana, baadaye pua inafunguka. Ukiwa katika hali hiyo, daktari anaweza kukupa dawa ya kupuliza puani ikusaidie kuvuka.

Pua inayotoa maji ukila supu yenye pilipili tu, na si wakati mwingine, haihitaji dawa ya aleji. Mjamzito anaweza kuzibwa pua kwa sababu ya ujauzito wenyewe.

Usisubiri, nenda hospitali, ukiona mojawapo ya haya:

- pua imeziba upande mmoja tu siku zote, au inatoa damu, au usaha wenye harufu, au hunusi tena kitu;
- kikohozi cha wiki mbili au zaidi, hasa kikiambatana na jasho la usiku, homa au kupungua uzito. Hicho kinapimwa kifua kikuu kwanza, na katika vituo vya serikali kipimo na dawa ni bure;
- kifua kinabana, kinapiga miluzi, au unaamka usiku ukitafuta hewa. Aleji ya pua na pumu hutembea pamoja, na pumu nayo inaweza kuanza ukubwani;
- maji maangavu yanayodondoka puani upande mmoja baada ya ajali au kuumia kichwa;
- uso kuvimba, au macho kuuma na kuona ukungu badala ya kuwasha tu.

Hatua ya pili: daftari la msimu

Chukua daftari la kawaida la shule. Kila jioni andika mistari miwili: pua na macho vilikuwaje, na siku hiyo ulikuwa wapi, unafanya nini, hewa ilikuwaje. Usiandike "vumbi" tu. Andika "nimefagia stoo", "nimekata majani ya ng'ombe", "nimepanda bodaboda hadi Boma Ng'ombe". Wiki sita zinatosha kuanza kuona mchoro, na mwaka mzima utakuonyesha msimu wako.

Kwa huku kwetu, mwaka wa pua unakwenda hivi kwa jumla. Masika inanyesha Machi hadi Mei, nyasi zinakua. Mvua ikipungua, kuanzia mwishoni mwa Mei kuingia Juni na Julai, nyasi zinatoa maua na chavua inapanda hewani. Vuli ya Novemba na Desemba inaleta wimbi jingine, dogo zaidi, linalogusa mwaka mpya. Mahindi yanapotoa mbelewele yana chavua nyingi sana, ila ni nzito na huanguka karibu. Inamsumbua anayetembea katikati ya mistari kuliko jirani wa pili. Miti ya misaiprasi iliyozungushiwa viwanja vingi Arusha, na mivinje, hutoa chavua inayobebwa na upepo.

Jakaranda inasingiziwa. Oktoba na Novemba barabara za Arusha zinapogeuka zambarau, watu wanapiga chafya na kunyooshea kidole maua yale. Jakaranda huchavushwa na nyuki. Chavua yake inanata na hairuki sana. Kinachokusumbua mwezi huo kwa kawaida ni vumbi la mwisho wa kiangazi na upepo mkavu, au kitu cha ndani ya nyumba. Kanuni ni rahisi: ua kubwa, la rangi na harufu nzuri, hutegemea wadudu. Mmea usioonekana ukitoa maua, kama nyasi, ndio wa kuutazama.

Juni hadi Agosti kuna baridi, hasa upande wa Meru na kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya juu kule Marangu, Machame na Kibosho. Madirisha yanafungwa, mablanketi yanatolewa sandukuni, moto unakokwa ndani. Mtu anayeumia usiku na alfajiri kipindi hicho, akitoka nje akapata nafuu, mara nyingi tatizo lake ni wadudu wa vumbi la nyumbani. Ni wadogo mno, huwaoni kwa macho, wanaishi ndani ya godoro, mito na mablanketi, wanakula mabaki ya ngozi yetu. Kinacholeta aleji hasa ni kinyesi chao.

Kisha Julai hadi Oktoba ni mavuno na vumbi. Kupukuchua mahindi, kupura maharage kwa fimbo, kushusha mabua kwenye gari: vyote vinarusha vumbi lenye kuvu na vipande vya mimea.

Hapa tenganisha mambo mawili kwenye daftari lako. Chavua, wadudu wa vumbi, kuvu, mende, paka na mbwa huleta aleji yenyewe. Vumbi la barabarani, moshi wa kuni, dawa ya mbu ya kuchoma, manukato na hewa ya baridi huwasha tu pua iliyokwisha kuvimba. Ukituliza aleji, hivi vya pili hupoteza nguvu kubwa. Wengi wanapigana na vumbi la barabara ilhali mto wanaolalia ndio unaowamaliza.

Mzigo wa majani

Nitakaa hapa kidogo, maana kwa wakazi wa Kilimanjaro na vijiji vya Meru jambo hili ndilo ninaloliona kubwa na halizungumzwi.

Ng'ombe wa ndani analetewa majani. Anayekata, mara nyingi mama, anashuka hadi tambarare, anakata nyasi zilizokwisha kutoa maua, anafunga mzigo, anajitwika. Kila hatua mzigo unatikisika, na masuke yananing'inia mbele ya uso wake. Ukitaka kuona ninachosema, asubuhi jua likiwa limetoka vunja bua moja la nyasi lenye maua, litikise juu ya kanga nyeusi. Unga wa manjano utakaobaki pale ndio anaouvuta saa nzima akipanda mlima. Akifika anautupa mzigo bandani, anaukatakata kwa panga, unga mwingine unapanda.

Mabadiliko hapa yanasaidia kuliko kidonge. Kata majani kabla hayajatoa maua. Ng'ombe naye anafaidika, kwa sababu majani machanga yana protini zaidi. Mabingobingo yakikatwa yangali machanga, kabla ya kutoa masuke, hutapata tabu ya chavua yake. Majani yakiwa yameshatoa maua, akate mtu mwingine wa nyumbani, au yaletwe kwa toroli au pikipiki. Ikibidi ujitwike, funika mzigo kwa khanga kuukuu iliyoloweshwa, geuza masuke yaelekee nyuma, vaa barakoa na miwani yoyote ya kukinga macho. Epuka asubuhi kavu yenye upepo, ndiyo saa ya nyasi kumwaga chavua. Mvua ikishanyesha kidogo, hewa huwa safi. Ukirudi, oga, osha nywele, badilisha nguo kabla hujakaa kitandani.

Hatua ya tatu: nyumba, tukianzia kitandani

Unalala karibu theluthi ya siku, uso ukiwa juu ya mto. Anzia hapo.

Mto wa sufi uliorithiwa uweke kando, tumia unaofulika. Foronya na mashuka yafuliwe kila wiki kwa maji ya moto sana, nyuzi joto 60, yale ambayo mkono hauvumilii, kwa sababu hapo ndipo wadudu wanapokufa. Mablanketi yaliyokaa sandukuni tangu mwaka jana yafuliwe kabla hujajifunika. Kuanika juani kunaua baadhi ya wadudu, ila kinyesi kinabaki mpaka ufue. Godoro livalishwe mfuko mzima wenye zipu. Fundi cherehani anaweza kuushona kwa kitambaa kilichofumwa kwa kubana.

Tahadhari moja: chandarua chenye dawa usikitie kwenye utaratibu huo. Kifuliwe si zaidi ya mara moja kila miezi mitatu, kwa maji baridi na sabuni laini, kianikwe kivulini, la sivyo dawa ya mbu inaisha. Malaria ya tambarare za Moshi haifai kubadilishana na chafya.

Piga deki badala ya kufagia kavu, au nyunyiza maji kwanza. Mazulia na mapazia mazito chumbani yatoke kama unaweza. Paka na mbwa wasilale ndani. Fungua madirisha kupunguza unyevu na kuvu, lakini asubuhi ya msimu wa chavua yabaki yamefungwa, uyafungue alasiri. Nguo za kitandani usizianike nje siku nyasi za jirani zimetoa maua. Jiko la kuni, hata bomba la kutolea moshi au dirisha jipya linaleta tofauti.

Kwenye bodaboda vaa miwani na barakoa. Kwenye daladala kaa mbali na dirisha lililo wazi.

Hatua ya nne: osha pua kwa maji ya chumvi

Hii inafaa karibu kila mtu, mzee na mjamzito pia, na inaongeza nguvu ya dawa zinazofuata.

Chemsha maji yatokote dakika tatu, yaache yapoe hadi uvuguvugu. Chukua glasi ya mililita 250, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi safi na chembe kidogo ya bekingi soda. Usiweke magadi badala yake, yatakuunguza. Maji ya bomba au ya mfereji yasiyochemshwa usiyatie puani kamwe. Kuna vijidudu hatari vinavyoingia kwa njia hiyo.

Tumia bomba la sindano la mililita 20, jipya, bila sindano yake. Inamia karai, laza kichwa upande mmoja, pumua kwa mdomo, sukuma maji taratibu kwenye tundu la juu. Yatatokea tundu la pili. Penga polepole, rudia upande mwingine. Mara moja jioni inatosha siku za kawaida. Mara mbili msimu ukiwa mkali. Ikiwasha, punguza chumvi. Mchanganyiko usilale, tengeneza mpya kila siku, na bomba lioshwe na likauke.

Hatua ya tano: dawa

Mazungumzo mazuri ya duka la dawa huenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Naomba dawa ya mafua, ile inayolaza."

"Pole mama. Mafua haya yana muda gani?"

"Tangu mwezi wa sita."

"Na unatumia dawa ya presha, sukari, au yoyote ya kila siku?"

Muuzaji anayeuliza maswali hayo mawili, mshike. Asiyeuliza, mwambie mwenyewe.

Vidonge. Kwa dalili nyepesi, au za siku moja moja, setirizini miligramu 10 au loratadini miligramu 10, kidonge kimoja kwa siku, vinazuia chafya, kuwashwa na maji. Setirizini inaweza kuleta usingizi kidogo, inywe usiku. Mwenye ugonjwa wa figo apewe dozi ndogo na daktari. Vidonge hivi havifungui vizuri pua iliyoziba, na hapo ndipo watu wanapokata tamaa.

Piritoni tuiache. Najua ni rahisi na kila mtu anaijua, lakini inalaza, na kwa mtu mzima mwenye umri inaweza kuleta kuchanganyikiwa, kuanguka, mkojo kushindwa kutoka kwa mwenye tezi dume, na kupandisha presha ya macho kwa wenye aina fulani ya glakoma. Dereva na fundi wa mashine wasiiguse kazini.

Dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, yaani dawa inayotuliza uvimbe. Kama dalili zako ni za kila siku au pua inaziba, hii ndiyo dawa kuu: beklometasoni, flutikasoni, mometasoni au budesonidi. Watu wawili kati ya watatu ninaozungumza nao huniambia haikuwasaidia, na nikiwauliza wameitumiaje napata jibu: walipuliza siku tatu wakaacha. Haifanyi kazi kama panado. Inaanza kusaidia baada ya siku kadhaa, na nguvu yake kamili huja baada ya wiki mbili hivi. Ni ya kila siku, hata siku unayojisikia vizuri.

Namna ya kupuliza ina uzito kuliko jina la dawa. Osha pua kwanza, subiri dakika kumi. Tikisa chupa, ikiwa mpya, puliza hewani mpaka itoke ukungu. Inamisha kichwa mbele kidogo. Shika chupa kwa mkono wa kulia kwa ajili ya tundu la kushoto, na wa kushoto kwa tundu la kulia. Elekeza ncha nje, kuelekea sikio la upande uleule, kamwe usielekeze kwenye ukuta wa katikati, ndiko damu inakotokea. Bonyeza huku ukivuta hewa taratibu, kama unanusa ua. Ukisikia ladha chungu kooni umevuta kwa nguvu na dawa imepita. Idadi ya mipulizo fuata karatasi ya ndani au daktari. Ukitoka damu, acha siku mbili, rekebisha mwelekeo, endelea. Ikijirudia, kamwone daktari.

Wengi wanaogopa neno steroidi. Dozi ya puani ni ndogo na hubaki hapohapo kwa sehemu kubwa. Ya kuogopa ni nyingine: sindano za steroidi za "kumaliza aleji msimu mzima", na prednisoloni au deksametasoni za kujinunulia. Hizo hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa, na madhara yake hayarudishwi mara tu umechomwa. Zikatae isipokuwa daktari bingwa ana sababu ya kukueleza.

Anayetumia ARV zenye ritonaviri asitumie flutikasoni wala budesonidi bila kuuliza kliniki yake. Dawa hizo zikikutana, steroidi hujaa mwilini. Beklometasoni kwa kawaida ndiyo inayochaguliwa, lakini waachie wao waamue. Mwenye glakoma naye aseme kabla.

Macho. Maji safi ya baridi na kitambaa kwanza. Matone ya kromoglikati ni salama, yanatumiwa kila siku msimu mzima. Matone yenye deksametasoni yanayouzwa kwa "macho mekundu" yasitumiwe bila kupimwa. Yanaweza kuharibu macho kimyakimya kwa kupandisha presha yake.

Vidonge vya kuzibua pua, vile vyenye sudoefedrini, viko ndani ya dawa nyingi za mafua za mchanganyiko. Vinapandisha presha na mapigo ya moyo. Mwenye presha avikwepe.

Antibayotiki hazina kazi kwenye aleji. Tangawizi na asali vinatuliza koo, endelea navyo ukipenda, ila asali haitibu aleji ya nyasi. Ugoro unazidisha uvimbe. Kujifukiza kunafungua pua kwa muda, ila wazee wengi wameungua kwa masufuria, kwa hiyo bakuli likae mezani, si magotini.

Hatua ya sita: unapohitaji daktari na vipimo

Ukipuliza dawa kwa usahihi wiki nne bila mabadiliko, usiendelee kubadilisha chupa. Anzia kituo cha afya au hospitali ya rufaa ya mkoa, Mount Meru kwa Arusha na Mawenzi kwa Moshi, uombe kuelekezwa kwa daktari wa masikio, pua na koo. KCMC, hospitali ya kanda iliyopo Moshi tangu 1971, ndiko wengi wa Kaskazini wanakopelekwa. Daktari ataangalia kama una vinyama puani, ukuta uliopinda, au uambukizo wa muda mrefu.

Kipimo cha ngozi au cha damu cha IgE kinaweza kuonyesha unachoathirika nacho. Uliza kwa simu kama kinafanyika na gharama yake kabla hujapanda gari. Kwa kipimo cha ngozi, setirizini na dawa za jamii yake husimamishwa karibu wiki moja kabla. Dawa ya kupuliza huendelea. Na jibu chanya peke yake si ugonjwa: kama kipimo kinasema mende, na daftari lako linasema majani, daktari anahitaji vyote viwili.

Seremala, mkoboaji kahawa au mfanyakazi wa maua ambaye anaumwa siku za kazi na kupona mapumzikoni, aseme hivyo waziwazi. Aleji ya kazini ikiachwa hushuka mapafuni, na kadiri muda unavyopita pumu yake inakuwa ngumu kuondoka hata ukiacha kazi. Barua ya daktari inasaidia kuomba kubadilishiwa kitengo.

Hatua ya saba: msimu ujao

Ukishaujua mwezi wako, anza dawa ya kupuliza wiki mbili kabla. Kwa mtu wa nyasi za baada ya masika, hiyo ni katikati ya Mei, mvua ikiwa bado inanyesha na pua bado nzima. Inaonekana kama kupoteza dawa, ila ndiyo tofauti kati ya Juni ya kulala na Juni ya kukesha. Wakati huohuo fua mablanketi, hakikisha nani atakata majani, nunua bomba jipya la kuoshea pua.

Nyasi zikishakauka na ukakaa wiki mbili bila dalili, punguza mpulizo hadi mmoja kila tundu kwa wiki nyingine, kisha acha, uandike tarehe. Mwenye aleji ya wadudu wa vumbi anaweza kuihitaji mwaka mzima. Huyo apunguze hadi dozi ndogo inayomtosha, na daktari amwangalie pua mara moja kwa mwaka. Siku ya kliniki beba daftari, pamoja na mfuko wenye dawa zako zote, za presha na za kienyeji pia, zikiwa kwenye maboksi yake.